Kabla ya kulaumu joto, waulizeni kwanza makuli

Mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi pole na kazi. Mi ni muuza viazi wa Uyole hapa Mbeya, nanunua Uporoto na Umalila napeleka Dar, na gazeti lenu nalisoma kila linapofika, maana siku nyingine linafika na siku nyingine nakutana nalo limeshafungiwa vitumbua. Form six nilisoma PCM, chuo sikwenda kwa sababu za nyumbani ambazo hazihusiani na barua hii, ila fizikia haijanitoka, na mtoto wa dada yangu anaisoma chuoni, tunatumiana voisi noti usiku mpaka mume wangu analalamika.

Nina neno na ile makala yenu ya mtambo wa Geneva. Mliandika kwamba wanasayansi wanagonganisha viini vya risasi, wanahesabu chembe zinazotoka, wanakuta ni pungufu kuliko zilivyotarajiwa, kwa hiyo supu ya mwanzo wa ulimwengu imepatikana. Basi, mkaweka picha ya nyota mkamaliza. (Na siku nyingine andikeni risasi ya madini, ile nzito ya kwenye betri za gari, maana jirani yangu alisoma kichwa cha habari akaniuliza nani kapigwa.) Sasa hiyo "kwa hiyo" yenu ndo imenikosesha usingizi, maana kosa hilohilo nililifanya mimi kwenye viazi na lilinigharimu urafiki na dereva.

Ilikuwa hivi. Msimu mmoja mzigo wangu ukawa unafika Dar umeoza, katika kila debe kumi naweka pembeni debe tatu. Nikasema ni joto, lori linakaa Kitonga kwenye foleni masaa, turubai limefunikwa, halafu Mikumi mpaka Chalinze jua linawaka, dereva anasimama anapotaka yeye, viazi vinaiva humo ndani. Nikamkata hela yake. Akaniambia mama mimi viazi nimevifikisha kama nilivyopakiwa, nikamwambia usinifundishe biashara. Safari iliyofuata nikawa na mteja Makambako anataka gunia chache, nikapakia viazi vya shamba lilelile, makuli walewale, gunia zilezile za lumbesa, vikashushwa Makambako vikakaa stoo siku zilezile ambazo vingekuwa njiani na sokoni. Baridi ya Makambako mnaijua, hakuna joto la kuozesha kitu pale. Tukafungua na mteja wangu tukahesabu, debe mbili katika kumi zimeoza! Kumbe vilikuwa vinapondeka Uyole hapahapa, makuli wanavibwaga kutoka begani mpaka chini kama mawe ya msingi. Joto lilikuwa na debe yake moja, sikatai, lakini mimi nilikuwa nimelibebesha zote tatu.

Sasa shikeni hilo gunia la Makambako, tutarudi kwake.

Mtambo wenyewe, LHC, ni duara la kilomita 27 chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Muda mwingi unagonganisha protoni kwa protoni, halafu kuna wiki chache wanaweka viini vya risasi, kila kiini kina protoni 82 na nyutroni 126, jumla 208. Viini viwili vikivaana uso kwa uso, migongano ya ndani kwa ndani, yaani protoni na nyutroni za huku kugonga za kule, inapita 1,500 kwa mpigo mmoja, joto linapanda mpaka nyuzi trilioni kadhaa, protoni na nyutroni haziwezi tena kubaki protoni na nyutroni, zinayeyuka, na kwaki na gluoni, yaani chembe ndogo zinazoziunda, zilizokuwa zimefungiwa humo zinatembea huru. Hiyo ndo supu na hapo sibishani na nyie. Ila nani kaiona? Haikai hata muda wa kuitwa muda, hakuna aliyechovya kijiko. Wanachofanya ni kuhesabu kilichotoka nje na kulinganisha na kilichotegemewa, yaani unachukua unachopata kwa mgongano mmoja wa protoni kwa protoni, unazidisha kwa idadi ya migongano ya ndani, kisha unagawanya ulichopata kweli kwa hicho ulichotegemea. Ukipata 1 hakuna kilichotokea. Ukipata chini ya 1 kuna kitu kimekula mzigo njiani. Ni hesabu ya mtu yeyote anayejua lumbesa moja inatakiwa itoe debe ngapi.

Shida iko hapo kwenye "kitu kimekula mzigo". Kinaweza kuwa ni supu ya moto. Lakini kinaweza pia kuwa ni kiini chenyewe kikiwa baridi kabisa, kabla ya supu yoyote, kwa sababu tu ni msongamano wa protoni na nyutroni 208 na chembe ikizaliwa humo ndani lazima ipenye itoke. Protoni moja peke yake haina msongamano wa hivyo, kiini cha risasi ni kipana kuliko protoni kama mara 8. Kwa hiyo ukichukua kipimo cha protoni kwa protoni ukarukia moja kwa moja risasi kwa risasi, umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, makuli na joto, alafu unamkata hela dereva.

Dawa yake wanafizikia wanaijua na ndo hiyo makala yenu imeiruka kama dimbwi, wanagonganisha protoni na kiini kikubwa. Msongamano upo, ila jambo lenyewe ni dogo mno kuchemsha supu, au ndivyo walivyodhani. Protoni ikipita kwenye risasi inagonga kwa wastani kama protoni na nyutroni 7 tu. Hilo ndo gunia la Makambako.

Na msidhani wao hawakuwahi kumkata dereva hela. Kuna chembe inaitwa J/psi, ni kwaki ya chamu (aina mojawapo ya kwaki, nzito) na pacha wake wa kinyume wameshikana, uzito wake ni kama protoni tatu na ushee, iligunduliwa Novemba 1974 na makundi mawili kwa mpigo, la Samuel Ting na la Burton Richter, wakagawana Nobel 1976. Mwaka 1986 wanafizikia wawili, Matsui na Satz, wakaandika kwamba supu ikitokea, kwaki hizo mbili hazitaweza kushikana tena, kwa hiyo J/psi itapungua, ukiona imepungua jua supu ipo. Hapohapo CERN, kile kituo cha utafiti cha Geneva ambacho leo ndo chenye LHC, wakarusha viini vya oksijeni na vya salfa kwenye shabaha ya uraniamu, na kweli J/psi zikapungua, watu wakafurahi! Halafu wakakaa chini wakapima protoni peke yake ikipigwa kwenye shabaha za ukubwa tofauti, wakakuta J/psi zinapungua hata huko, kila kiini kinavyokuwa kikubwa ndivyo zinavyopungua, maana ikizaliwa ndani ya kiini inagongwa na protoni na nyutroni za jirani inavunjika kabla haijatoka. Ukichora mstari wa upungufu huo wa baridi ukaunyoosha mpaka kwenye salfa, salfa inakaa palepale juu ya mstari. Yaani debe zote zilikuwa za makuli. Ilibidi waje na risasi kwa risasi miaka ya tisini ndo wakaona upungufu uliozidi mstari, na Februari 2000 CERN wakatangaza kwamba wana ushahidi wa hali mpya ya maada. Mnaona lakini, kilichowapa nguvu ya kutangaza ni ule uliozidi. Jumla yake peke yake isingesema kitu.

Mi ningekuwa mhariri hiyo salfa ndo ningeiweka kichwa cha habari.

Sasa mtu atasema basi kiini baridi kazi yake ni kuvunja, tumemaliza. Hapana, na hapa ndo pananoga. Mwaka 1975 James Cronin na wenzake pale Fermilab Marekani walipiga protoni kwenye beriliamu, titaniamu na tangsteni (hiyo tangsteni ndo ule uzi wa taa za globu za zamani), wakaangalia chembe zinazoruka pembeni kwa kasi, wakakuta kwenye kiini kikubwa zinaongezeka kuliko hesabu ya kuzidisha! Msongamano umeongeza mzigo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba kinachopita humo kinapigwa vikumbo kidogo kidogo kabla ya mgongano mkubwa au baada yake, kila kikumbo kinakisukuma pembeni. Nenda Mwanjelwa siku ya gulio ukate katikati ya watu umelenga duka la mbegu, utatokea kwenye mitumba. Hujapungua, umetokea tu sehemu ambayo hatukukutegemea, na anayehesabu watu waliotokea mitumba atasema leo wamezidi.

Halafu kuna la kivuli, ambalo kwa LHC ndo kubwa kuliko la kuvunjwa, maana kwa mwendokasi wa pale protoni inapita kiini chote kabla hata zile kwaki mbili hazijatulia kuwa J/psi kamili, ni kama gunia linaloshonwa mdomo likiwa limeshatoka sokoni, makuli hawana cha kupasua. Sasa zinapunguaje? Zinapungua kwa sababu J/psi inatengenezwa na gluoni, na gluoni za kiini cha risasi siyo sawa na za protoni moja ukizidisha kwa 208. Zile zenye sehemu ndogo sana ya nguvu ya kiini zimejaa mpaka zinalaliana. Ukitaka kuelewa panda basi la Tukuyu, likisimama Kiwira wanakuja wauza ndizi ishirini dirishani kwako kwa mara moja, sinia juu ya sinia, wewe uliyekaa ndani huoni sinia ishirini, unaona labda kumi na nne, zilizobaki zimefichwa na wenzao. Walipopima protoni kwa risasi, wenzetu wa jaribio la ALICE wakakuta upande ambao protoni inaelekea J/psi zimepungua kama asilimia 30, na upande ambao risasi inaelekea hakuna upungufu wa kuonekana. Mgongano mmoja, pande mbili, majibu mawili, na hapo hakuna supu iliyoitwa. Ukiichukua hiyo asilimia 30 ukaimwagia jotoni kwenye risasi kwa risasi umeshaiba.

Na hizo namba haziko kichwani kwangu tu, makala zao za CERN zipo wazi kwenye intaneti bure, mtu akiwa na bando anafungua. Mwandishi wenu naye ana bando nadhani.

Upande wa haki sasa, maana nisije nikaonekana naikataa supu. Jaribio lililonishawishi mimi ni la dhahabu, siyo ya Chunya, ni ya Brookhaven pale New York, mtambo wao wa RHIC ulianza kazi mwaka 2000. Waligonganisha dhahabu kwa dhahabu wakakuta chembe za kasi zinazoruka pembeni zimepungua karibu mara 5. Tano! Wengine wakasema tulieni, labda ni kile kivuli cha gluoni, labda dhahabu inaanza na pungufu yake tangu mwanzo. Ikabidi mwaka 2003 wagonganishe dyuteroni, yaani protoni moja na nyutroni moja zilizoshikana, na kiini cha dhahabu. Msongamano uleule wa dhahabu, joto hakuna. Kama ni kivuli basi upungufu uonekane na hapo. Haukuonekana, tena zikazidi kidogo kwa vile vikumbo vya Cronin. Basi mambo yakaisha, kilichokula chembe zile kwenye dhahabu kwa dhahabu ni kitu kilichotengenezwa na mgongano wenyewe, hakikuwemo kwenye kiini. LHC walivyorudia kwa protoni na risasi mwaka 2012 na 2013 wakakuta vilevile, chembe za kasi kubwa zinatoka kamili, uwiano unacheza kwenye 1. Hapo sasa andikeni "kwa hiyo" na mimi nitanyamaza.

Ila turudi Makambako, kuna kitu sikuwaambia. Siku ile nilipofungua gunia, nje baridi la kutetemeka, nikaingiza mkono mpaka katikati nikakuta uvuguvugu. Viazi vinapumua bwana, ukivibana kwenye lumbesa vinajitengenezea joto vyenyewe. Kwa hiyo hata gunia langu la kulinganishia halikuwa baridi asilimia mia. Na ndicho kilichowakuta hawa watu. Septemba 2012 walijaribu protoni kwa risasi kwa saa chache tu, jaribio la CMS likaangalia ile migongano michache inayotoa chembe nyingi, likakuta chembe zinazotoka mbali na nyingine, moja kuelekea huku na nyingine kule kwa urefu wa bomba, zimechagua pembe moja, kama mkondo mmoja umezisukuma. Hiyo ni tabia waliyoizoea kwenye risasi kwa risasi wakasema ni supu inatiririka. Na miaka miwili nyuma, 2010, walishaona dalili yake hata kwenye protoni kwa protoni. Mwaka 2017 ALICE nao wakaonyesha kwamba chembe zenye kwaki za strenji (aina nyingine ya kwaki) zinaongezeka taratibu kwa kadiri mgongano unavyotoa chembe nyingi, kuanzia protoni kwa protoni, kupitia protoni kwa risasi, mpaka risasi kwa risasi, mstari unapanda bila kukatika popote.

Je ni tone dogo la supu kwenye protoni kwa risasi? Wenyewe wanagombana mpaka leo, wako wanaosema ndiyo na wako wanaosema ni jinsi gluoni zilivyopangana kabla ya mgongano. Mtoto wa dada yangu yuko kundi la tone. Mimi nasitasita, maana kama ni tone basi mbona chembe za kasi zinapita kamili, yeye anasema ni dogo mno kuzimeza, na mi namjibu jibu hilo ni rahisi mno. Kuna ndugu yake J/psi anaitwa psi(2S), kwaki zilezile ila wameshikana kwa ulegevu, na kwenye protoni kwa risasi anapungua kuliko J/psi, mpaka ule upande wa risasi ambao J/psi haikupungua. Kivuli cha gluoni hakiwezi kutofautisha hao wawili, kwa sababu wakati wa kuzaliwa ni kitu kimoja. Lazima kuna kitu kinamgonga baadaye, chembe nyingine zinazotoka naye njiani. Hapo huwa nakosa jibu nazima data.

La mwisho, makala iliita haya "mambo ya chini ya ardhi ya Ulaya". Ndugu mhariri, toka nje. Protoni kutoka anga za mbali zinapiga viini vya naitrojeni na oksijeni juu ya Rungwe na Kitulo saa hii, zinazalisha chembe za muda mfupi ziitwazo pioni, pioni zinageuka myuoni, ambazo ni kama elektroni nzito, na myuoni zinapita kwenye paa lako la bati, usawa wa bahari inapita kama moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika, huku kwetu milimani zinazidi. Na maswali ni yaleyale, protoni ikigonga kiini siyo protoni mwenzake, kinatoka nini na ngapi? Ndo maana mwezi wa saba 2025 LHC wakagonganisha kwa mara ya kwanza protoni na viini vya oksijeni, wanataka kuelewa mvua hiyo ya angani. Na kile kimondo chetu cha Mbozi, tani kama 16, karibu chote chuma na nikeli kidogo, kabla hakijaanguka kilikuwa kinapigwa na protoni hizohizo huko angani, viini vya chuma vinavunjwa vipande, na kwa vimondo kama hivyo wataalamu wanapima vipande hivyo kujua kimezurura angani muda gani. Tena chuma ndicho kilichotoa siri nyingine, mwaka 1983 CERN walipiga myuoni kwenye chuma na kwenye dyuteriamu (hidrojeni ambayo kiini chake ni dyuteroni) wakakuta kwaki za ndani ya kiini cha chuma hazijakaa kama zinavyokaa kwenye protoni na nyutroni zilizo karibu huru. Hawakutegemea kabisa, na mpaka leo haijaisha kuelezwa. Watoto wa shule wanapelekwa Mbozi kila mwaka kupiga picha wamekaa juu yake, hakuna anayewaambia hilo.

Ombi langu siyo mfute makala. Chapeni mchoro wenye mistari miwili, mmoja wa risasi kwa risasi na mwingine wa protoni kwa risasi, msomaji aone pengo kwa macho yake, hata mama wa sokoni atauelewa kuliko nyota ile mliyoweka. Na neno la "upungufu" msilitumie bila kusema upungufu kulinganisha na nini.

Hela ya dereva nilimrudishia. Nimemsomea barua hii kwenye simu kabla ya kuituma, hakuelewa J/psi na akauliza kama inahusiana na ile uraniamu ya Namtumbo, nikamwambia hapana, ila ile sehemu yake aliielewa vizuri na akasema niongeze kwamba ilirudi kamili na alishaniambia tangu mwanzo. Ilirudi kamili, na alishaniambia tangu mwanzo.

Ndaga fijo.

Muuza viazi,
Uyole, Mbeya